Barua ya Kazi Isiyo na Mwenyewe

Wiki iliyopita barua moja ilizunguka katika ofisi yetu toka meza hata meza, na kila ilipofika palizuka kicheko. Mwandishi wake alikuwa kijana aliyemaliza Chuo Kikuu, akiomba nafasi ya mwandishi msaidizi ambayo gazeti hili lilikuwa limeitangaza. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Ndani yake kijana yule alitujulisha ya kuwa tangu utoto wake ametamani kuitumikia benki yetu tukufu. Ya kuwa anapenda mno kuwahudumia wateja wenye akaunti. Na ya kuwa anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila ya kusimamiwa na mtu yeyote. Wasifu uliofuatana na barua ulisema amezaliwa mwaka 2000 na kuanza darasa la kwanza mwaka 1998. Katika picha yake ndogo, iliyokatwa kutoka picha kubwa ya harusi, mkono wa mtu asiyeonekana ulikuwa umetulia begani mwake.

Sisi nasi tulicheka, wala hatuna haja ya kuwaficha wasomaji wetu. Lakini barua iliporudi mezani petu mara ya pili tuliisoma kwa kalamu mkononi, kama tulivyozoezwa na walimu wetu wa misheni, waliokuwa hawawezi kusoma hata orodha ya vyakula vya bweni pasipo kuisahihisha. Tukapiga mstari chini ya kila kosa. Tulipofika mwisho tukagundua jambo lililotuondolea kicheko: katika kurasa zile tatu hapakuwa na sentensi iliyotungwa na kijana mwenyewe, isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa chini kabisa, baada ya sahihi, imeandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili. Ilisema kwamba atashukuru kama tutamjulisha hata akiwa amekosa nafasi, kwa maana ameandika kwingi na hajapata kujibiwa. Sentensi ile haikuwa na kosa hata la nukta.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili mbele ya wananchi, kwa sababu makosa ya barua za kazi yamefanywa kuwa mzaha wa taifa zima, na mzaha huo unaficha ugonjwa. Siku hizi barua ya namna ile haiishii ofisini. Ofisa mmoja huipiga picha kwa simu yake, akaisambaza kwa rafiki zake, nao kwa rafiki zao, na jina la mwombaji na namba yake ya simu vikionekana wazi. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na bado wapo mabwana maofisini wanaodhani kuwa karatasi ya kijana asiye na kazi haina mwenyewe. Tunawaambia kwamba inaye. Kama hawawezi kumpa kazi, wasimpe aibu.

Lakini tuutazame ugonjwa wenyewe. Mpaka miaka ya 1980 kijana wa nchi hii aliyemaliza Chuo Kikuu alipangiwa kazi na Serikali. Alingojea barua, hakuandika. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 Waafrika waliokuwa na shahada walikuwa wachache mno hata ofisi ndizo zilizokuwa zikiwatafuta wao. Leo mambo yamegeuka. Mwezi Juni mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 waliitwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji; yaani watu zaidi ya 140 kwa kila kiti. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita laki moja. Huko kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 60.

Msomaji na ajiweke mahali pa ofisa aliyeletewa rundo la namna hiyo. Hawezi kulisoma kama mtu asomavyo barua ya ndugu yake. Hasomi ili apate sababu ya kumchukua mtu. Anasoma ili apate sababu ya kumwacha. Jina la kampuni limekosewa, weka pembeni. Sahihi haipo, weka pembeni. Cheti hakikuthibitishwa na wakili, weka pembeni. Kosa ambalo zamani lingesahihishwa kwa wino mwekundu na mkubwa wa kazi mwenye huruma, leo linamtoa mtu katika hesabu kabla jina lake halijatamkwa. Na mfumo wa mashine ni mkali zaidi ya ofisa, kwa maana mashine haina hata ile nafasi ya kucheka.

Wako watakaotuambia kwamba ni haki yao. Watasema: muuguzi asiyeangalia anachokiandika katika barua yake, ataangaliaje kipimo cha dawa? Mtunza ghala anayekosea mwaka wake wa kuzaliwa, atahesabuje magunia? Hatuwapingi. Sifuri moja ikipotea katika daftari la hospitali mtu hufa, na ikiongezeka katika daftari la halmashauri shule hukosa paa. Sisi wenyewe tunaishi kwa herufi, na tunajua bei ya herufi. Tunalopinga ni fikira kwamba makosa haya yote ni ya aina moja, na kwamba yote yana baba mmoja, ambaye ni uvivu wa kijana.

Chukueni hii barua ya benki. Ilizaliwa wapi? Ilizaliwa katika duka la steshenari, pale kando ya kituo cha mabasi, penye mashine ya kudurufu, kompyuta moja na foleni ya watu. Kijana huingia na vyeti vyake katika bahasha ya kaki, akasema anataka barua ya kazi. Mwenye duka hamwulizi ni kazi gani anayoitaka wala anajua kufanya nini. Anafungua barua aliyomchapia mtu mwingine jana, anafuta jina la juu, anaweka jina jipya, anabadili tarehe, anapokea fedha yake, na kumwita wa pili. Mwenye duka hana hatia kubwa. Yeye anauza karatasi. Ila barua ile imekwisha kupita mikono mia, na kila mkono umeacha kitu: huyu ameacha jina la benki, yule ameacha mwaka wake wa shule, mwingine wadhamini watatu ambao huyu wa leo hajapata kuwaona. Ndiyo maana ofisa akimpigia simu mdhamini wa pili huambiwa, “Kijana huyo simjui.”

Kuna duka jipya ambalo halina hata mlango. Vijana wengi sasa huiambia programu ya akili mnemba katika simu iwaandikie barua, nayo huandika upesi, kwa Kiingereza kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Kisha kijana hutuma vile vile ilivyo, na katikati ya barua yamebaki maneno yanayomwagiza aweke hapa jina la kampuni, na aweke pale mfano wa mafanikio yake. Tumeziona barua hizo kwa macho yetu. Hatusemi chombo hicho ni kibaya. Hata kamusi ni chombo. Lakini aliyekuwa anaiga kwa mwenye steshenari sasa anaiga kwa mashine, na nafasi ile iliyoachwa wazi kwa ajili ya mafanikio yake ndiyo habari tuliyokuwa tunaitaka kutoka kwake.

Basi kwa nini kijana aliyesoma miaka 16 haandiki mwenyewe? Jibu tunalo, nalo ni chungu. Haandiki kwa sababu amejiaminisha kwamba barua ya kazi haina budi kuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hicho hakuaminiwa nacho tangu mwanzo. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akapelekwa sekondari akafundishwa fizikia na historia kwa lugha aliyokuwa bado anajifunza kuombea ruhusa ya kwenda nje. Akashinda mitihani kwa kukariri. Aliyezoea kukariri jibu la mtihani atakariri na barua. Kwake yeye Kiingereza si lugha ya kusemea jambo, ni vazi la kukodi kwa siku ya shughuli, na vazi la kukodi siku zote huwa refu mikono au fupi magoti.

Na jambo la kushangaza ni hili, ambalo tungependa lisomwe na kila kijana kwa sauti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika masharti ya matangazo yake ya kazi, imekuwa ikisema kwamba barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili au kwa Kiingereza! Mlango umeachwa wazi, na watoto wetu wanapanga foleni dirishani. Mwaka 1967 nchi hii iliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mtu anaweza leo kushtakiwa, kujitetea, kuhukumiwa na kukata rufani kwa Kiswahili, lakini hathubutu kukitumia kuomba kazi ya kutunza stoo.

Hathubutu kwa sababu ana akili, wala si kwa sababu hana. Amewatazama wakubwa wa ofisi na ameona wanavyofanya. Karatasi inasema lugha zote mbili ni sawa, lakini uso wa mkubwa unasema vingine. Barua ya Kiswahili huitwa barua ya kijijini. Kijana akiingia kwenye usaili akajibu kwa Kiswahili safi, wazee watatu wa upande wa pili wa meza, ambao majumbani mwao husemezana na kugombana na kusali kwa Kiswahili, hutazamana na kuandika kitu. Hii ndiyo kasumba ambayo wazee wetu walikuwa wakituonya juu yake: mkoloni amekwenda, lakini ameacha kiti chake, na tunaogopa kukikalia bila kusema kama yeye.

Katika Biblia tuliyofundishwa utotoni kiko kisa cha vivuko vya Yordani, katika kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walivishika vivuko, na kila mkimbizi aliyetaka kupita aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka ile shi. Wakasema Sibolethi, wakakamatwa, na kwa kisa hicho wakaanguka watu 42,000. Hakuna aliyewauliza kama ni wakulima wazuri au waashi hodari. Mara nyingi tukisikia mtu ameachwa katika kazi ya udereva au ya ufundi bomba kwa sababu barua yake ya Kiingereza ilichekesha, tunakikumbuka kivuko kile. Mfasiri wa balozi apimwe kwa Kiingereza chake, na mpokea wageni wa hoteli, na rubani. Lakini fundi bomba apimwe kwa bomba.

Tusije tukadhaniwa kwamba Kiswahili peke yake ni dawa. Barua ya Kiswahili nayo ina kasumba yake. Huanza kwa kusema, “Kichwa cha habari hapo juu chahusika.” Tumekuwa tukiisoma sentensi hii miaka mingi na hatujapata kuelewa ina kazi gani, kama kichwa cha habari hakihusiki, kiliwekwa pale kwa nini? Kisha hufuata, “Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye akili timamu,” kana kwamba yuko mbele ya hakimu. Kisha hueleza kwamba anapenda kusoma vitabu, kutazama mpira na kubadilishana mawazo. Halafu hukamilisha kwa “Wako mtiifu.” Hayo ndiyo yaliyofundishwa shuleni, nayo yalifundishwa kwa ajili ya alama: anwani kulia, tarehe chini yake, kichwa kwa herufi kubwa, sahihi, basi. Mwalimu alitoa alama za anwani na alama za tarehe. Alama za kusema jambo la kweli hazikuwamo. Hata simu ya maandishi tulifundishwa namna ya kuiandika kwa maneno machache ili kupunguza gharama, na somo hilo likaendelea kukaa katika vitabu hali vijana walikuwa na simu za mkononi mifukoni.

Huo “Wako mtiifu” una historia. Ulitoka katika barua za makarani wa zama za ukoloni, ambao hawakuwa na ruhusa ya kuwa kitu kingine mbele ya Bwana Shauri ila watiifu. Karibu na maboma na posta walikaa waandishi wa barua wenye mashine za taipu, na mtu asiyejua kuandika aliwaeleza haja yake wakaigeuza kuwa magoti. Mwenye steshenari wa leo ni mjukuu wa waandishi wale. Na lugha yetu yenyewe hapa imetutega kidogo. Tunaomba chumvi kwa jirani, tunaomba radhi, tunamwomba Mungu, maskini anaomba mlangoni pa msikiti, na kijana naye anaomba kazi. Ni neno moja. Kijana aliyelisikia neno hilo maisha yake yote akiishika kalamu huandika kama mwenye bakuli mkononi: ataja unyenyekevu mara tatu, yatima wawili na mama mgonjwa, na kusahau kusema kwamba alisimamia duka la mjomba wake miaka minne na hesabu haikupungua. Hiyo kazi ya duka haimo katika barua zao, kwa sababu hawakulipwa mshahara wala hawakupewa cheti. Wanatuambia hawana uzoefu, nao wamelima, wamechunga, wameuza, wameendesha bodaboda usiku kucha ili walipe ada.

Liko kosa jingine, nalo halichekeshi mtu, wala kijana hakulifanya. Ni kosa la jina. Msichana alizaliwa akaandikwa Mwanaidi katika cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliandika alivyosikia, akaandika Mwanahidi. Jina hilo likamfuata katika mtihani wa darasa la saba, likachapwa katika cheti cha kidato cha nne, likapigwa muhuri. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha Taifa karani naye akaongeza jina la babu ambalo vyeti havina. Sasa msichana mmoja ni watu watatu. Yule Athumani ni Othman katika cheti kimoja na Asumani katika cha pili. Yule aliyebatizwa Yosefu ameandikwa Joseph shuleni. Siku ya usaili tangazo linasema waziwazi kwamba wenye majina yanayotofautiana waje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Sharti hilo ni la haki, kwa maana Serikali haiwezi kumwajiri mtu isiyemjua. Lakini hati hiyo inataka wakili, na wakili anataka fedha, na ofisi iko mjini, na tangazo limetoka zikiwa zimebaki siku chache. Binti wa Liwale au wa Kibondo ataifanya saa ngapi safari hiyo? Herufi moja iliyowekwa na mwalimu mwenye chaki, miaka 17 iliyopita, inamnyang'anya mtu mkate.

Katika jambo hili hatuna maneno ya kuwapa vijana. Maneno yetu ni kwa walimu wakuu, kwa makarani wa uandikishaji na kwa wazazi. Mtoto aandikishwe shule kwa cheti cha kuzaliwa kilichowekwa mezani, si kwa sikio. Na kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa, yabandikwe ubaoni, kila mtoto asome lake, na mzazi asome. Herufi hiyo husahihishwa kwa kalamu ya mwalimu na kwa dakika moja, kama itaonekana mapema.

Tunatenga pia kosa na uongo, kwa sababu wako wanaopenda kuvichanganya. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, na mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokuwa wamekatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Wale hawakukosea, walidanganya. Lakini hatuna budi kukiri kwamba njia ya kuelekea kughushi huanza padogo. Anayeandika kwamba anasema Kiingereza kwa ufasaha hali hawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo, na anayejiandikia mwaka mmoja wa kazi katika ofisi aliyofanya mazoezi ya vitendo wiki sita, amekwisha kuweka mguu mmoja katika njia hiyo. Mara nyingi si ubaya wa moyo. Karatasi aliyoiiga ilikuwa na maneno hayo, naye aliona haya kuyafuta.

Na sisi wenye kupokea barua, je? Tuanze na nyumba yetu. Tangazo lile tulilolitoa, ambalo kijana yule alilijibu kama benki, lilimtaka mwombaji alete maombi kabla ya tarehe 31 Juni. Lilipita mikononi mwa watu wanne wa gazeti hili, nasi tukiwa mmoja wao. Hakuna aliyetupiga picha na kutusambaza. Yako matangazo ya makampuni yanayotaka kijana asiyezidi miaka 25 mwenye uzoefu wa miaka mitano katika cheo cha juu. Yako yanayotaka ofisa wa lugha ya Kiswahili, na tangazo lenyewe ni la Kiingereza. Na iko ile desturi mbaya kuliko zote, ya kutojibu. Ofisi inayodai barua isiyo na dosari haiandiki hata mistari miwili kumwambia mtu amekosa. Zamani stempu ilikuwa na gharama. Leo ujumbe wa simu hauzidi bei ya pipi.

Kisha kiko kimemo. Hatutakizunguka. Kimemo hakina anwani upande wa kulia wala tarehe chini yake. Hakina kichwa cha habari kinachohusika. Huandikwa juu ya kipande cha karatasi, pengine kwa penseli, “Mwangalie huyu,” na makosa yake ya herufi hayamchekeshi mtu. Tunajua kwamba tunaandika katika gazeti la Chama, na tunajua kuwa vimemo vingine vimetoka katika mikono ya watu wetu. Kwa hiyo tunasema kwa kuwa tunahusika: kila kimemo kinachofanikiwa kinawafundisha vijana mia kwamba barua ni upuzi wa kupitisha wakati, na anayeamini hivyo hawezi kupoteza usiku mmoja kuitunga. Atakwenda steshenari, kwa kuwa karatasi tu ndiyo inayotakiwa, na mwenye nafasi anajulikana.

Tungependa mambo machache yafanyike upesi. Ofisi za Serikali zilizoruhusu Kiswahili katika masharti zikiruhusu pia katika chumba cha usaili, na wakuu wao watamke hivyo hadharani ili woga uwatoke vijana. Wenye majina yaliyokosewa na makarani wapewe muda wa kutosha wa kuleta hati zao, badala ya kuachwa siku ile ile mlangoni. Matawi ya Umoja wa Vijana, yenye ofisi, meza na walimu wastaafu majirani, yafungue jioni moja kwa juma mahali ambapo kijana ataleta barua yake ikasomwa na mtu mzima kabla haijatumwa. Asiandikiwe, asomewe, aulizwe, “Hapa ulitaka kusema nini?” na aachwe arudie mwenyewe. Ofisi yetu itafungua meza yake kila Alhamisi kuanzia saa kumi jioni. Mwenye vyeti aje navyo, tulinganishe majina.

Kijana yule tumekwisha kumjibu. Tulimweleza kwamba sisi si benki. Yeye na wengine wote walioandika tumewataka watuandikie tena, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, watueleze kazi moja waliyopata kuifanya kwa mikono yao, iwe ya mshahara au isiyo ya mshahara, na namna walivyoifanya. Tangazo tumelirekebisha, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni barua tisa zimefika, na yake bado.